Khalas ya Mdogo Wangu

Nna kosa ambalo sijamwambia mtu, hata mke wangu. Nimemvunja mdogo wangu, kisha nikamsingizia. Naandika hapa kwa sababu hamnijui.

Mimi skuli nilitokea darasa la tatu. Niliingia Maskati na begi moja, nikashika randa, na leo nna karakana ya milango mtaa wa Azaiba, watu wananifuata kutoka mbali, hata Mawaleh. Sikufundishwa na mtu! Hilo nilikuwa nikilisema kila barza, na ndilo lililoniponza.

Mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili vijana walianza kuteleza kwa mbao kwenye vilima vya mchanga vya Bausher. Nikaona, kumbe ubao tu huu! Nikachonga wangu, nikaupaka nta, nikautilia mikanda ya kukaza miguu. Wiki tatu tu, nikawa naruka tuta na kutua kama paka. Mtu mzima mimi, karibu arubaini! Nani kama mimi?

Mdogo wangu, nimwite Seif, ndo kwanza alikuwa kafika na mama yetu kutoka Unguja. Mpole, mwoga, kaposa na harusi imekaribia. Nikasema huyu nitamfanya mwanamume. Ijumaa moja, baada ya alasiri, nikampeleka michangani pamoja na rafiki zangu wawili wa barza.

Palikuwa na Mkenya mmoja, kazi yake hotelini upande wa Bustan, akiwaleta wageni kuteleza. Aliponiona namfunga Seif mikanda huko juu kileleni, akapanda mpaka tulipo.

"Mzee, huyu ni mgeni na hii kitu. Aanzie kwa tambarare. Akunje magoti, aruke papo hapo mpaka azoee kutua. Halafu kilima kidogo. Hiyo tuta ni ya mwisho."

Maneno ya dhahabu. Mnajua nilimjibu nini?

"Wewe umefundishwa. Mimi nimejifunza."

Rafiki zangu wakacheka. Mkenya akatikisa kichwa, akarudi kwa wageni wake. Na mimi, baada ya kicheko kile, ningerudi vipi nyuma?

Seif alitazama chini. Magoti kayakaza kama miguu ya meza. Nikamwambia bibi harusi akisikia atamcheka. Akanishika mkono wa kanzu, akasema kwa sauti ndogo:

"Kaka, khalas."

Nyinyi mnaokaa huku mnalijua neno hili la Kiarabu. Khalas ni "basi, nimeshindwa". Na khalas ni "tayari, twende". Neno moja, njia mbili.

Nikamsukuma.

Alipofika kwenye tuta, katikati ya mteremko, ubao ulinyanyuka, na yeye magoti hakukunja. Alitua kwa mgongo. Mikanda yangu, niliyokuwa nikijisifia kwamba haifunguki, haikufunguka. Ubao ukawa unampindua, unampindua, mpaka chini. Mkenya ndiye aliyemfikia kwanza, akatukataza kumnyanyua. Seif hakulia. Alisema tu kwamba miguu yake haiusikii mchanga.

Haijausikia mpaka leo.

Hospitali, mama yetu akaniuliza imekuwaje. Nikamwambia, "Mwenyewe alisema khalas, mama. Nikajua yuko tayari."

Seif alikuwa kitandani, anasikia. Akanitazama, kisha akafumba macho. Posa ikavunjika mwezi ule ule. Na mama, Mungu amrehemu, alimlaumu yeye kwa pupa yake mpaka anaingia kaburini.

Wallahi, nilijua! Ule mkono ulikuwa umeing'ang'ania kanzu yangu. Mtu aliye tayari hakushiki.

Nimemjengea nyumba ubavuni mwa yangu. Milango nimeichonga mwenyewe, mipana, ya kupita kiti chake cha magurudumu. Nikimpelekea chakula hupokea. Ila "kaka" haniiti tena. Huniita "tajiri", kama kibarua wangu. "Ahsante, tajiri," kisha anageuza kiti, ananipa mgongo.

Miaka yote hiyo hajaniuliza, nami sijafungua mdomo. Nimejifunza kila kitu mwenyewe, isipokuwa kusema neno hilo moja mbele yake: nilijua.

Basi wewe unayejiona fundi, ukimfundisha mtu, mwanzishe chini kabisa, pale ambapo akianguka atacheka. Usimfunge kitu asichoweza kukifungua. Na akikwambia khalas, muulize khalas ipi.

Mimi sikuuliza, kwa sababu jibu nilikuwa nalo.