Aliyeambiwa Aanguke

Habari za redio nilizipata nikiwa kwenye msaragambo, kazi ya pamoja ya kijiji, tunazoa tope la ndiva. Kwetu Chome kazi ya ndiva haichagui mzee wala kijana. Maji ya bwawa lile ndiyo yanayoshuka kwenye mifereji ya mashamba yetu kwa zamu, na asiyefika kuzoa tope hana zamu. Sisi wazee huwekwa kingoni kupokezana makarai. Nilikuwa kingoni nimepokea karai, jirani yangu akaniambia, "Mzee wa mieleka, jana umeangushwa redioni."

Watu wakacheka. Nami nikacheka, maana nimezoea.

"Nani kaniangusha?"

"Bosi wako wa zamani. Kasema lile pambano la Same ulipewa tu. Yule mtu wa pwani aliambiwa aanguke."

Nikabaki nimelishika lile karai bila kumpa mwenzangu, mpaka tope likaanza kunichuruzika miguuni.

Ujanani nilikuwa mwanamieleka wa maonyesho. Nilimaliza kidato cha nne, nikakosa kazi ya maana, nikashuka kutafuta kibarua kwenye mashamba ya mkonge. Huko ndiko bosi aliponiona nikibeba robota la katani begani kama mto wa kulalia. Yeye alikuwa na lori, turubai, kamba na magodoro yaliyoshonwa pamoja. Mwisho wa wiki alikuwa akitandika ulingo karibu na kambi za manamba, watu waliotoka pande zote za nchi hii, wakatutazama tukitupana. Alinipa jina la ulingoni, jina la mnyama wa msitu wa Shengena. Sitalitaja hapa. Limenisumbua vya kutosha.

Mapambano yalikuwa yanapangwa. Bosi alimwita kila mmoja peke yake nyuma ya lori akamwambia kama leo anasimama au anaanguka. Sisi hatukuita udanganyifu, tuliita kazi. Na kazi yenyewe ilikuwa ngumu, kwa sababu mwanamume mzima hatupiki hewani kama mwenyewe hajasaidia kwa miguu yake. Kwa hiyo tulikuwa na ishara. Wa kuanguka alimbinya mwenzake kiganja mara mbili. Maana yake, niko tayari, nitupe. Kwa miaka mingi mimi ndiye niliyekuwa nikibinya.

Mke wa bosi alisafiri nasi. Alitupikia, na baada ya pambano alitukanda migongo kwa maji ya moto na chumvi. Wote tulimwita mama.

Baba yangu alikuwa mzee wa kanisa huku juu. Habari zilimfikia kwamba naajiriwa kuanguka. Siku moja nilipokuja likizo alinitambulisha kwa mgeni wetu: "Huyu ni mwanangu. Kazi yake kuanguka." Hakuwa anatania. Mgeni hakujua atazame wapi.

Basi maonyesho yakafika Same mjini, uwanja wa mpira. Watu wa Chome walishuka kwa miguu kuja kuniona, na baba akiwa kati yao, amevaa koti lake la ibada kwenye joto lile. Bosi akaniita nyuma ya lori. "Leo unaanguka," akasema. Nikaitikia kama siku zote. Lakini nilipoingia ulingoni nikamwona baba amekaa kwenye benchi la mbele, mikono juu ya magoti, kama mtu anayesubiri tangazo la msiba. Nikasema moyoni, leo sibinyi.

Tulishikana muda mrefu mimi na yule mtu wa pwani. Alikuwa mzito kuliko mimi. Kisha nikamnyanyua nikamtupa, na watu wa Chome wakavunja kamba wakaingia. Baba akanipa mkono mbele ya kila mtu. Jioni ile ile bosi akanifukuza kazi. "Anayekataa kuanguka anapoambiwa hana kazi kwangu," alisema, na mimi nikapanda mlima kwa furaha.

Toka siku hiyo nikawa mtu. Baba alilisimulia pambano lile kwa kila mgeni mpaka alipofariki. Hata kwenye mazishi yake mchungaji alilitaja. Kama bosi alisema kweli redioni, basi baba yangu alijivunia kitu ambacho hakikuwepo. Hilo ndilo lililonikaba pale ndivani.

Na kuna jambo sikuwahi kumwambia mtu. Nakumbuka, au nadhani nakumbuka, kwamba kabla sijamnyanyua yule mtu kiganja changu kilibinywa. Labda mara mbili. Labda ni mkono tu unaotafuta pa kushika, maana jasho lilikuwa jingi. Kuna miaka nimekuwa na hakika hakunibinya. Kuna miaka mingine nimekuwa na hakika alinibinya. Yeye mwenyewe alishakufa huko kwao pwani, hakuna wa kumuuliza.

Sisi Wapare tunasemwa kwa kupenda kesi, nami sina cha kututetea. Nyumba ya bosi naijua, iko pale pale Same. Ningeweza kwenda nikakaa naye sebuleni nikamuuliza. Badala yake nikaenda kufungua shauri baraza la kata. Wajumbe wakanieleza wazi kwamba wao kazi yao ni kusuluhisha, mambo ya kuchafuliwa jina yana mahakama yake. Nikawaambia sawa, nisuluhisheni. Siku ya shauri nikakodi pikapu nikaijaza mashahidi, wazee waliobaki kati ya wale waliokuwepo uwanjani. Mmoja wao ni mama jirani yangu, ambaye siku ile ya pambano alikuwa akiuza ndizi mbivu.

Bosi alikuja na bakora, binti yake amemshika kiwiko. Alikuwa amepungua sana. Ni mkubwa kwangu kwa umri, na shikamoo ilikuwa haki yake. Mimi nikasema, "Habari za asubuhi." Chumba kizima kikasikia. Mwenyekiti, mama wa makamo mwenye miwani, akainua kichwa.

"Marahaba, kijana wangu," bosi akajibu, kana kwamba nimemwamkia.

Mwenyekiti akamuuliza kama ni kweli alisema pambano lilipangwa.

"Nilisema. Nilimwita yule wa pwani nikamwambia aanguke."

Nikasimama. "Mwongo huyo. Mimi ndiye niliyeambiwa nianguke."

"Mlalamikaji, kaa chini."

"Ni kweli," bosi akasema. "Na yeye nilimwambia aanguke."

Mwenyekiti akavua miwani. "Wote wawili?"

"Wote wawili."

"Kwa nini sasa, mzee?"

"Biashara ilikuwa inakufa, nilitaka kubaki na mmoja. Nikataka kujua nani bado ananisikia."

Mjumbe mmoja akashindwa kujizuia. "Na kama wangeanguka wote?"

"Ningebaki na wote. Mama yao angefurahi."

Yule mama wa ndizi akanyoosha mkono na kuanza kusema kabla hajaruhusiwa. "Mwenyekiti, mimi nilikuwepo. Yule mtu hakuanguka, alitupwa. Aliangukia kapu langu."

"Mama, subiri zamu yako."

"Ndizi zangu hazikusubiri zamu."

Watu wakacheka, mimi nikabaki nimekaa nikipiga hesabu. Kama alilosema bosi ni kweli, basi mwenzangu alitii na mimi nikakataa, na ushindi wangu wote ni kule kukataa. Mtu alikuwa anashuka chini mwenyewe na mimi nikajiona nimemshusha. Lakini kama ni uongo, ni nani anayetunga uongo wa ajabu namna ile? Na mbona unalingana na kufukuzwa kwangu?

"Mlalamikaji," mwenyekiti akaniita, "unadai nini hasa?"

Nilikuwa nimejiandaa. Nilitaka arudi redioni aseme nilishinda kwa nguvu zangu. Lakini nilipofungua kinywa likatoka jingine.

"Nadai aseme ukweli," nikasema.

"Si ameshasema?"

"Aseme ule mwingine."

Hata mashahidi wangu walicheka. Mwenyekiti akafanya kile ambacho mabaraza hufanya yakichoka: akatuambia tutoke nje wawili tukayazungumze, tukirudi tuwaambie tulipofikia.

Tukakaa kwenye benchi la barazani. Upepo wa Same ulikuwa ukipeperusha vumbi kutoka barabarani. Bosi hakuongea habari za mieleka.

"Hukuja kumzika mama yenu," akasema.

Hilo nilijua litakuja. Mke wake alipofariki, taarifa ilinifikia mapema. Nilisema siwezi kukanyaga kwa mtu aliyenifukuza kazi kama mwizi. Siku ya mazishi nilikuwa shambani nachimba tangawizi, na watu wa kijiji walioshuka kwenda kuzika walinipita wakanisalimia bila kusimama. Mikono ya mama yule ilinikanda mgongo nikiwa kijana, ikanipakulia chakula kwanza kwa sababu nilikuwa mtu wa milimani na nilikula sana.

"Nilikosa," nikamwambia. "Sina la kujitetea."

"Alikuulizia. Kila siku, yule wa Shengena yuko wapi. Nikawa namwambia yuko njiani."

Nikakung'uta vumbi kwenye suruali.

"Wale wa redio waliponiita kuongea mambo ya zamani," akaendelea, "walinikuta na hilo moyoni. Miaka yote nilikufichia. Siku ile nikaona sina sababu ya kukufichia."

"Kwa hiyo ni kweli."

"Nilisema nilivyokumbuka."

"Na leo unakumbukaje?"

Akafuta vumbi machoni kwa kitambaa. "Leo nimechoka. Nisaidie kusimama."

Nikampa mkono. Kiganja chake kilikuwa kikavu na chepesi, na kilikuwa kinatetemeka. Nilipokuwa namvuta juu, akanibinya mara mbili.

Mkono wa mzee unaotetemeka unaweza kubinya wenyewe. Lakini macho yake yalikuwa yananitazama, na ishara ile alitufundisha yeye. Alikuwa ananiambia yuko tayari. Tukiingia ndani atasema alidanganya, nami nitarudi Chome na jina langu. Na nikaona kwamba hata hapo nitakuwa nimepewa. Nikambinya na mimi, mara mbili.

"Usinichezee, wewe," akasema.

"Sikuchezei, bosi."

"Lazima mmoja asimame."

"Ulishawahi kutuambia wote tuanguke."

Tukaingia. Bosi akasema, "Mwenyekiti, nilidanganya. Huyu alishinda." Nikasema, "Mwenyekiti, hakudanganya. Mimi ndiye sijui." Akasema anajua alichofanya, yeye ndiye aliyekuwa na lori. Nikasema na mimi najua nilichoshika mkononi, na hata hicho sikijui vizuri. Kila alipojiangusha nami nikajiangusha. Mwenyekiti akatusikiliza kwa muda, kisha akatuambia tumetoka na kesi moja tumerudi na mbili, na zote hazina mlalamikaji, twende nyumbani.

Mlangoni nikamwambia, "Shikamoo."

"Marahaba." Akapiga hatua chache, akageuka. "Kaburi liko nyuma ya nyumba, kwenye mwarobaini. Njoo peke yako. Usiniletee pikapu."

Nitakwenda. Nimeshaongea na mke wangu kuhusu maua, anasema ya bustanini kwetu yanatosha, yakifungwa na majani mabichi ya mgomba yatafika hayajanyauka.

Njia ya kurudi juu ni mbovu, pikapu ilipanda polepole. Mimi nilikaa mbele na dereva, kijana wa mjini. Dirisha la nyuma lilikuwa wazi, na tulimsikia mama wa ndizi akiwasimulia wenzake pambano upya. Nilidhani baada ya yote yaliyosemwa barazani atapunguza. Akaongeza. Safari hii yule mtu wa pwani alipita juu ya kamba, juu ya benchi la wazee wa kanisa, ndipo akafika kwenye kapu. Na baba yangu, alisema, alilia machozi. Mimi sikuwahi kuona machozi ya baba. Lakini siku ile watu walikuwa wamenizunguka, huenda sikuona.

Dereva akaniangalia. "Babu, ni kweli hiyo?"

"Muulize huyo mama," nikamwambia. "Yeye alikuwepo."