Mipini ya Mpera ya Mama Wakoli

Saa moja asubuhi, baridi ya Julai ikiwa bado imekalia mabati ya mtaa wa Mowlem, Nairobi, Triza Nerima ananusa kipande cha mti. Anakigonga kwenye jiriwa, anasikiliza, kisha anakiweka shavuni. "Bado kina maji," anasema, na kukirudisha kwenye rundo. Cha pili ndicho kinachopita mtihani, naye anachukua msumeno.

Mama huyu wa miaka arobaini na sita, ambaye mtaa mzima unamwita Mama Wakoli, hutengeneza mipini ya visu. Si ile ya plastiki iliyojaa madukani siku hizi. Yake ni ya mpera, mti uleule ambao watoto wa Eastlands huuparamia na kurudi nyumbani na kaptura zilizochanika.

"Watu wanajua mapera tu," anasema akicheka. "Mti wenyewe ni mgumu kama mama mkwe."

Mpera wenyewe haununui. Tangu wenye nyumba wa mtaa jirani wa Umoja washikwe na homa ya kujenga vyumba vya kupangisha uani, miti inaanguka kila wiki. Nerima hupita na shoka na mkokoteni, akibisha hodi kwenye kila ua wenye rundo jipya la mawe. "Wao wanataka nafasi, mimi nataka gogo. Tunaagana vizuri," anasema.

Akishapasua magogo, huyapaka nta kwenye ncha yasipasuke, kisha huyalaza kivulini miezi kumi. Ndipo achonge, atoboe kwa keekee, akaze misumari ya shaba, asugue kwa msasa na kuuloweka mpini kwenye mafuta moto. Miezi hiyo kumi haipunguzi hata siku moja, na ana sababu.

Mwaka 1994, kiwanda cha fanicha alichokuwa akifagia kwa miaka tisa kilipunguza wafanyakazi. Aliondoka na tupa mbili na ujuzi aliouiba kwa macho. Shitanda, fundi mkuu wa pale, alimpa onyo moja la kuagana: usiuze mti mbichi, hata njaa ikikuita kwa jina.

Asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Nerima alikuwa akiishi na watoto wanne katika mtaa wa mabanda wa Mukuru kwa Reuben wakati wenye mabucha wa Njiru walipomwagiza mipini ishirini na minne. Ilikuwa Aprili 1995, mvua inamwagika, na mpera wake ulikuwa na wiki tatu tu tangu kukatwa. Akaukausha juu ya jiko la makaa. Mipini ikang'aa, wateja wakafurahi.

Baada ya miezi miwili mti ulinywea. Abdiqadir, mwenye bucha ya kwanza kwenye safu ile, alikuwa akipasua paja la ng'ombe pale bapa la kisu lilipochomoka kwenye mpini na kumkata kiganja. Alishonwa nyuzi sita.

"Nilienda kumwona," Nerima anakumbuka. "Sikumwambia ni shetani. Nilimwambia, 'Ni mimi. Nilikuwa na haraka.'"

Abdiqadir hakumtukana. Aliwaita wenzake, wakaitupa mipini yote ishirini na minne motoni, chini ya sufuria ya supu, naye Nerima amesimama palepale akitazama. Wiki hiyohiyo safu nzima ikahamia plastiki.

Aibu ile ilimuuma kuliko njaa. Jina lilikuwa limeharibika, na fundi bila jina ni nani? Alihamia Mowlem, akawa anafua nguo za watu Buruburu, huku mpera mpya umelala chini ya kitanda chake. Majirani walimkumbusha kwamba ngoja ngoja huumiza matumbo.

"Na yaliuma kweli," anasema. "Lakini ule mti sikuugusa."

Mei 1996 alirudi Njiru na kisu kimoja alichokifunga kwa gazeti. Abdiqadir alikipokea, akakitumbukiza kwenye ndoo ya maji mbele ya macho ya Nerima. "Rudi Jumatatu," akamwambia. Siku hiyo ilikuwa Ijumaa.

"Jumapili kanisani niliimba tu, sijui hata niliimba nini," anasema Nerima. "Kama ule mpini ungepasuka, ningerudi kwetu Bungoma kulima."

Haukupasuka. Abdiqadir alilivuta bapa, akakipiga kisu kwenye kigogo cha kukatia nyama, akavuta tena. Halikutikisika. Hata hivyo hakutoa sifa yoyote, alikipanga tu pamoja na vile vya plastiki.

Hukumu yenyewe ilikuja Krismasi, foleni ya wateja ikiwa imefika barabarani na kila mkono umejaa mafuta. Visu vya plastiki viliteleza, na viwili vikavunjika mipini. Kile cha mpera kikapasua ng'ombe wanne.

"Wallahi, tulikuwa tunanyang'anyana kisu kimoja, wanaume wazima!" anasema Abdiqadir, akionyesha kovu lake bila kinyongo. "Nikatuma mtu Mowlem mara moja. Nikamwambia, mwambie yule mama wa mpera sisi wote tunataka."

Leo, mwaka 1998, Nerima huuza mipini hamsini kwa wiki, shilingi themanini kila mmoja, kuanzia Njiru hadi Kaloleni. Anajua nyua za Umoja zitaishiwa na miti, kwa hiyo amekodi kipande cha shamba nje ya Njiru na kupanda miche mia moja ya mpera. Anataka siku moja awe na karakana ya matofali, na akina mama sita wakichonga pamoja naye.

Mazungumzo yakiendelea, anaingia Walter, msimamizi wa jiko la hoteli moja ya katikati ya jiji. Anataka mipini mia mbili kufikia Ijumaa. Ndiyo oda kubwa kuliko zote alizowahi kuletewa Nerima, lakini mvua za El Niño zilichelewesha kila kitu, mti mkavu uliopo unatosha wateja wa kila wiki tu, na uliobaki utakuwa tayari Oktoba.

"Mathe, si hii imekauka? Naona iko fiti," Walter anasema, akipigapiga gogo.

"Umeiona kwa nje, baba. Ijumaa sina. Oktoba ninayo."

"Kuna wengine watanipea hata kesho."

"Basi chukua kwa hao wengine. Kunywa chai kwanza, kuna baridi."

Walter anaikataa chai, anatoka, anafika kando ya barabara na kusimama. Nerima hainui kichwa, anaendelea kusugua msasa. Kisha Walter anarudi, anatoa kalamu mfukoni na kuifuta Ijumaa kwenye karatasi yake ya oda.

"Oktoba tarehe ngapi, mama?"