Boti ya Mama Isiyo na Injini

Mwaka jana nilirudi nyumbani Hanang kwa msiba wa shangazi. Baada ya mazishi nikakaa na vijana wa ukoo waliokuwa wakichoma mahindi, na katika maongezi nikasema kwamba mama yangu aliwahi kuwa na boti kwenye ziwa lile pale chini. Wakacheka kwa adabu, kama watu wanavyomchekea mzee aliyeanza kuchanganya mambo. Mmoja akauliza, "Shangazi, boti? Kwetu sisi, wafuga ng'ombe na walima maharage?" Nikamwambia ndiyo, boti, nyeupe, ina mstari wa bluu ubavuni, na aliyeichagua ni mwanamke asiyejua kuogelea. Nawe kama huamini, kaa vizuri nikusimulie. Leo nasimulia kwa upole. Siku nyingine nitagomba.

Enzi hizo za mashamba makubwa ya ngano ya serikali, ngano ilikuwa imefika mpaka kwenye maji. Ukisimama mlangoni kwetu mwezi wa sita, upepo wa baridi ukivuma kutoka mlimani, uliona kitu kimoja tu cha rangi ya dhahabu kikilala na kuinuka hadi macho yachoke. Kombaini za kuvunia zilinguruma tangu umande ukauke hadi jioni, na vumbi la makapi lilituwasha shingoni hata kanisani. Sisi watoto tulifuata nyuma kuokota masuke yaliyosazwa. Mama aliyatwanga, akayachemsha na maharage, akamimina maziwa ya mgando juu yake. Sijala chakula kitamu kama kile tena, na sitaki mtu aniambie kwamba ni njaa tu ya utotoni.

Lakini ngano hiyo ilikula njia yetu. Bibi, mama yake mama, aliishi ng'ambo ya ziwa. Zamani njia ilipita ukingoni, upande wa kaskazini, ukatembea saa moja na nusu ukafika. Upande wa kusini hapakupitika. Ni matete na viboko. Trekta zilipolima ukingo wote, askari wa shamba wakaanza kurudisha watu. Ikabidi kuzunguka shamba zima, unatoka alfajiri unafika alasiri umevimba miguu. Na ubaya wake ni huu: tukikaa uani tuliuona moshi wa jiko la bibi ng'ambo kule, mwembamba, kila asubuhi.

Masika moja moshi haukuonekana siku mbili. Mama akafunga kitenge, akazunguka na njia ile ndefu, kwenye matope. Alipofika alikuta kaburi bichi. Alirudi baada ya siku nne, akakaa kwenye kigoda, akalitazama ziwa. Kisha akamwambia baba, "Mimi sitazunguka tena." Baba, ambaye alikuwa dereva wa kombaini palepale shambani, alidhani ni uchungu unaongea.

Sasa, kulikuwa na mtaalamu wa kigeni aliyekuja kufundisha mambo ya mashine. Alikuwa na boti ndogo ya faiba yenye injini nyuma, akiitumia Jumapili na mke wake na watoto wao wekundu kwa jua. Mkataba wake ulipoisha akabandika karatasi kwenye mlango wa duka la shamba. Baba aliisoma, akaja kutusimulia kama kichekesho: boti ya familia, bei nafuu, inafaa kwa anayeanza. Mama hakucheka. Aliuliza, "Imekaa wapi?"

Tulikwenda kesho yake, mimi nikiwa nimembebea kibuyu cha maziwa. Nilikuwa darasa la nne. Boti ilikuwa juu ya trela, nyuma ya karakana, na meneja msaidizi wa shamba naye alikuwepo akiipigapiga kwa kiganja, maana aliitaka. Mama akamwamkia mtaalamu, akavua kandambili, akaingia uvunguni kwa magoti. Meneja msaidizi akasema kwa sauti ya kila mtu kusikia, "Mama, hicho ni chombo cha starehe. Nyinyi mtaenda nacho wapi?"

Mama alijibu akiwa bado kule chini. "Kwa mama yangu."

Alitoka akiwa na vumbi kichwani. Alikuwa ameona kiraka karibu na nyuma, kimepakwa rangi kisijulikane. Akamwita fundi wa matrekta, mtu wa Ukerewe aliyezaliwa na kukulia majini, akamwonyesha. Fundi akakikwaruza kwa kucha. "Kiraka kizuri hiki, mama. Lakini mimi sikuwepo kilipotiwa." Mama akasema basi wote wawepo sasa, akaomba ndoo. Hakutaka boti iwekwe majini. Alitaka maji yawekwe ndani ya boti. Tukachota, mimi na fundi, ndoo baada ya ndoo, mpaka maji yakafika kwenye viti. Halafu tukasubiri huku mama akizunguka trela polepole, akipitisha mkono chini ya lile tumbo jeupe. Mtaalamu alikuja na kiti chake akakaa, nadhani alikuwa hajawahi kuona mnunuzi wa namna hiyo. Kiraka kilibaki kikavu kama mfupa. Palipovuja ni kwingine kabisa, kwenye tundu la msumari mbele, puani mwa boti, tone moja moja. "Hapo utaziba kabla sijalipa," mama akamwambia. Mtaalamu akaitikia, "Sawa, mama," akaandika kwenye kidaftari.

Nyumbani mama alikuwa na msemo wake: ng'ombe hanunuliwi kwa mlio. Kwa hiyo Jumamosi tulikwenda kuijaribu ziwani. Mtaalamu alisema inabeba watu watano. Mama akamuuliza, "Watano wa kwenu au wa kwetu? Wa kwetu husafiri na magunia." Akapakia magunia mawili ya mahindi, mbuzi mmoja, baba, fundi, mimi na yeye mwenyewe, na mtaalamu akaketi nyuma kwenye injini. Baba alishika ukingo kwa mikono yote miwili. Ukingoni walijaa watu wa kuja kutuona tukizama, na meneja msaidizi alikuwa mbele yao.

Iliondoka vizuri, naikumbuka harufu ya petroli na jinsi maji yalivyofunguka pande mbili. Mbuzi akalia, mama akacheka. Sikuwa nimemsikia akicheka tangu masika. Katikati ya ziwa injini ikakohoa mara mbili, ikanyamaza. Mtaalamu akavuta kamba, akavuta tena, akatoa plagi akaipuliza, akavuta mpaka shati likaloa. Kusini, kwenye matete, kiboko alitoa pua akashusha pumzi. Baba akaanza Baba Yetu Uliye Mbinguni.

Fundi ndiye aliyechomoa makasia mawili yaliyokuwa yamefungwa chini ya viti. Akapiga kasia polepole, bila papara, na boti, pamoja na magunia yote yale, ikakubali kwenda. Mama alimtazama mikono. Baada ya muda akasema, "Sogea." Akakaa yeye. Mara ya kwanza tulizunguka kama kuku aliyekatwa kichwa, na kelele za ukingoni zikatufikia. Fundi akamwambia, "Vuta kwa mgongo, mama, si kwa mikono. Kama unavyovuta jembe." Hilo alilijua. Akatuvusha mpaka nyumbani kwa marehemu bibi, ambako sasa alikuwa akiishi mama mdogo na mumewe, akashusha magunia, akaturudisha.

Alipokanyaga ukingo alikuwa ameshaamua. Injini inakunywa petroli isiyopatikana, plagi zake hazipo Katesh wala Arusha, na imewaangusha siku ya kwanza. Tumbo la boti ni zuri. "Nachukua boti," akamwambia mtaalamu. "Injini baki nayo." Watu walicheka mpaka wengine wakakaa chini. Boti bila injini! Mtaalamu hakucheka. Alimpa mkono, akapokea mtamba mmoja wa urithi wa mama, akauza mtamba huyo kwa mchinjaji wa Katesh. Injini aliichukua meneja msaidizi, na mpaka naondoka nyumbani sikuwahi kuiona ikisukuma kitu chochote.

Walimpa mama majina ya dhihaka. Katika ibada moja mzee wa kanisa alisema kuna wanawake wanaotaka kutembea juu ya maji kama Petro. Mama alikuwa kiti cha pili. Akaimba wimbo uliofuata kwa sauti kubwa kuliko wote.

Masika iliyofuata mama mdogo alikuwa mjamzito wa miezi tisa. Walikubaliana kwamba siku ikifika, mumewe ataanika shuka jeupe juu ya ua. Asubuhi moja ya mvua, nikikoroga uji, nililiona. Mama hakuuliza mara mbili. Alipiga kasia, mimi nikikumba maji yaliyoingia ndani na kuyamwaga nje kwa kopo la maziwa ya unga. Ng'ambo tulimkuta mama mdogo amejishikilia mlango, midomo imekauka. Tukamlaza kati ya viti, mumewe akaketi mbele akamshika kichwa. Wakati wa kurudi upepo ulikuwa usoni. Mawimbi yalirukia ndani, mama mdogo akaniambia, "Kumba, mwanangu, usinitazame," nikakumba mpaka vidole vikafa ganzi.

Zahanati ilikuwa upande wa shamba, kwa hiyo mama aliielekeza boti palepale penye ngano. Askari wa shamba akaja mbio na rungu lake. "Mama, hapa hairuhusiwi! Eneo la shamba hili!"

Mama hakusimama hata kupumua. "Mimi nimekuja kwa maji," akasema. "Maji mmeyalima lini?"

Ndipo yule askari akamwona mama mdogo. Akalitupa rungu kwenye ngano, akaingia majini na viatu vyake, na yeye na mume wa mama mdogo wakambeba kwa shuka, wakikanyaga mashina yale ya thamani njia nzima. Mtoto alizaliwa kabla ya saa sita. Muuguzi alisema alikuwa amekaa vibaya, na kwamba kwa ile njia ya kuzunguka tungefika na maiti wawili. Mtoto yule leo ni mwanamke mwenye watoto wanne, na ni mkali kama mama.

Baada ya siku hiyo hakuna aliyecheka, na wengi walianza kuomba kuvushwa. Boti ilituvusha miaka mingi: wagonjwa, mahindi ya kusaga, maharusi, jeneza mara mbili. Kiangazi kimoja kiboko aliipanda ikiwa imefungwa ukingoni, akaivunja mgongo. Mama aliizunguka polepole, akapitisha mkono pale ilipopasuka, akasema imefanya kazi.

Shamba lenyewe nalo limekwisha. Kombaini zilisimama moja moja zikaota kutu, nyumba za watumishi zikang'olewa mabati, na njia ya ukingoni imerudi. Bodaboda zinapita hapo na abiria wawili wawili. Anayepita leo hawezi kujua kwamba tulifukuzwa hapo. Masuke ya kuokota hayapo. Fundi alirudi kwao Ukerewe. Mama tulimzika ng'ambo, karibu na mama yake, kama alivyoagiza.

Mwaka wake wa mwisho nilimuuliza kitu ambacho sikuwahi kuthubutu utotoni: kama hakuwa anaogopa, mtu asiyejua kuogelea, juu ya kina kile. Alinitazama kana kwamba nimeuliza swali la kitoto.

"Niliogopa kila siku," akasema. "Lakini niliogopa huku napiga kasia."