Papai Ambalo Kadii Hakulila

Kadii wa Mramba ana miaka sitini na mitatu, nywele nyeupe, na macho mekundu kwa moshi wa kuni wa maisha yake yote. Katika vijiji vya nyuma ya Gede, sifa hizo zatosha kumuua mtu.

Alifiwa na mume mapema, akabaki analima shamba la marehemu na kumlea binti yake, Pola. Imani yake aliipata akiuza mihogo. Mteja wake Gladys, Mmaragoli ambaye mumewe Phineas alifanya kazi ya chumvi, alikodi chumba Kisumu Ndogo, mjini Malindi. Jumapili moja Kadii alikuta humo watu wameketi kimya.

"Mnamngoja nani?"

"Mungu," Gladys akamjibu. "Keti, dada."

"Na akichelewa?"

"Tumezoea."

Aliketi. Hivyo ndivyo sisi wa Kanisa la Marafiki tulivyoenea. Tulianza Uingereza karne ya kumi na saba, watu wakitupwa jela kwa kukataa kuapa mahakamani, maana walisema ndiyo ya mtu iwe ndiyo kila siku. Mwaka 1902 wamishonari wakaifikisha imani hiyo Kaimosi, magharibi mwa nchi, na wana wa Kaimosi waliposhuka pwani kutafuta kazi, walishuka nayo.

Mwaka jana mtoto wa Ngala alikufa kwa malaria. Ngala ni mwana wa shemeji yake Kadii. Hospitali ilieleza, lakini ukoo ukakusanyika.

"Mama, hatukushtaki," Ngala alisema. "Twende kwa mganga ule papai la kiapo cha kiraho. Asiye na hatia humeza likashuka. Mwenye hatia huvimba mdomo."

"Sikumroga mwanao. Nilimbeba mgongoni mwangu huyo. Nimesema."

"Kusema si kiapo."

"Mimi sina zaidi ya kusema."

Wiki hiyohiyo Ngala alionekana akizunguka na dalali katika shamba la Kadii. Wako wasomi watakaokwambia kwamba haya ni mambo ya mila. Waulize ni mila gani inayomtambua mchawi kwa ukubwa wa shamba lake.

Pola alimlilia mama yake. "Mayo, ni papai tu."

"Kama ni papai tu, wale wao."

"Watakuua."

"Nikiapa leo kwamba nasema kweli, siku zingine zote nilikuwa nasema nini?"

Pola hakubishana tena. Alimswaga mbuzi wake hadi kwa mganga, akarudi mikono mitupu. Siku chache baadaye mganga alisimama mbele ya ukoo akatangaza kwamba Kadii alikwenda kwake, akala papai, likashuka salama. Ngala akainamisha kichwa. Wanawake walianza kumpa Kadii mkono, na mmoja akamtania kwamba mdomo wake umezidi kuwa mdogo.

Kadii alimtazama binti yake, akajua. Alichotakiwa ni kunyamaza tu, na kunyamaza alikuzoea kuliko wote waliokuwapo. Akasimama.

"Sikwenda kwake," alisema. "Sikula kitu. Na mtoto sikumroga."

Pola alijifunika uso kwa leso.

"Mmesikia wenyewe," Ngala akasema. "Kiraho amekiogopa, kisha wamehonga."

Gladys na Phineas walimtoa kijijini jioni ileile. Nyumba ilichomwa akiwa hayumo. Sasa analala kwenye mkeka katika chumba kilekile cha Kisumu Ndogo, na shambani kwake zimesimikwa nguzo za mipaka ya viwanja. Polisi waliandika maneno yake wakamwambia angoje. Anangoja. Kanisani tulimwombea, tukaimba, tukampa blanketi. Nasema wazi kwamba blanketi halitoshi.

Pola naye alifukuzwa na mumewe, ati hawezi kuishi na mtoto wa mchawi. Alikuja mara moja, mtoto mgongoni, akakataa kuketi.

"Ungenyamaza tu, mayo."

"Najua."

"Ulijua na mimi nitapotea?"

Kadii alikuwa akimenya mihogo. Aliweka kisu chini.

"Nilijua," alisema.

Pola alisubiri aongeze neno. Kisha akakaza leso iliyomshika mtoto, akatoka.