Mnyaa wa Shimo la Sita

Ukitaka kumchokoza Evaristi Ntirampeba, fundi baiskeli wa karibu na stendi ya Kasulu, huna haja ya kumgusia mke wala dini. Mwambie tu kwamba kiwanja cha gofu cha Kasulu ni bora kuliko cha Kibondo. Hapo hapo ataweka spana chini, atafuta mikono kwenye suruali, na pancha yako ndiyo imeshalala.

"Wewe umewahi kucheza Kibondo?"

"Sijawahi, mzee."

"Basi nyamaza nikueleze."

Na utaelezwa, wallahi. Maana mzee huyu habahatishi mambo ya gofu. Ujana wake wote aliwabebea mikoba wachezaji kule Bujumbura, kabla vita havijawatoa mbio yeye na mkewe Jeanne wakavuka mpaka. Mpira ukiwa bado angani yeye ameshajua utaangukia wapi. Ndiyo maana walimu, madaktari, mainjinia wa barabara, yeyote aliyekuja huku kwetu na fimbo zake ndani ya gari aliambiwa: kamuulize mzee Evaristi ukacheze wapi. Viwanja vyenyewe ni viwili tu, vyote vya watu wote, hakuna geti wala kadi ya uanachama, na tuseme ukweli, vyote ni malisho ya ng'ombe yaliyotobolewa mashimo.

Sikia sasa alivyokuwa akivilinganisha. Kasulu ni tambarare, majani laini, upo mjini, ukimaliza unakwenda kunywa chai. Hayo yote alikubali. "Lakini tambarare ni mchezo wa wagonjwa," anakwambia. Kibondo kuna mteremko, kuna vichuguu, kuna mawe, na ikifika saa nne asubuhi kuna upepo unaoupeleka mpira unakotaka wenyewe. Kila penye shimo pamemwagwa mchanga uliochanganywa na oili chafu ukashindiliwa, mpira unateleza kwa raha zake. Mashimo tisa. "Kasoro iko kwenye la sita," anamalizia kila mara, na uso anaukunja. "Pana mnyaa mmoja pale, mti wa utomvu tu, mbaya, msumbufu, umekaa kama mkwe aliyekataa kuondoka. Mtauzunguka tu, mtafanyaje."

Badru alikuwa anashika kichwa. Huyu ni mwenye duka la vitenge, mtu wa Tanga aliyelowea Kasulu, na kiwanja cha Kasulu alikianzisha yeye kwa jasho lake. "Mzee Evaristi, jamani, hata aibu huna? Kile ni kichaka! Nani kakuroga?"

"Kacheze Kibondo, Badru. Ukirudi uniambie ule mnyaa mbaya umefikia wapi."

Kila aliyerudi kutoka Kibondo aliulizwa hivyo hivyo. Nani kashinda, nani kashindwa, mzee hakujali. Mnyaa upo? Kuna mtu amelima karibu yake? Ukimjibu kwamba upo na hakuna aliyelima, anashusha pumzi na baiskeli yako anaitengeneza bure. Watu wakasema mzee kaanza kuchanganyikiwa. Mzigo wa mwenzio kanda la usufi, bwana. Wangejua, wasingecheka.

Kiwanja kile cha Kibondo kilikuwa pembeni mwa kambi ya wakimbizi ambayo siku hizi haipo. Daktari mmoja mzungu wa kambini ndiye aliyepima yale mashimo tisa, akamweka Evaristi kuwa mwangalizi, akatoa amri moja: hapa hapalimwi, hapakatwi kuni, hapachimbwi. Kambi yote iliyobaki ilikuwa inachimbwa. Maelfu ya watu, kila mmoja na jembe lake, visiki vimeng'olewa kwa ajili ya kuni, hata makaburini watu wameshapanda maharage. Usiwalaumu. Njaa haina adabu.

Mwaka ambao watoto wengi waliharisha, Aline wao alikuwa na miaka minne. Aliugua Jumanne, Alhamisi akaisha. Evaristi alimtazama mwanawe aliyeviringishwa ndani ya blanketi la kijivu la kambi, akayafikiria yale makaburi yaliyogeuzwa matuta, akasema hapana, mwanangu halimwi. Alfajiri akambeba, Jeanne nyuma yake na jembe, mpaka mahali pekee ambapo jembe lilikatazwa. Ardhi ya pale ni changarawe tupu. Shimo lilipofika magotini jembe likagoma. Wakamlaza hapo, wakafukia, wakayarudishia majani juu yake. Jeanne akachomeka kijiti cha mnyaa, kama ukoo wao ulivyofanya makaburini kule kwao mlimani. Hawakumwambia mtu. Mwangalizi kuvunja amri aliyopewa ailinde, nani angemwelewa?

Hawakujaliwa mtoto mwingine. Kambi ikafungwa, wao wakahamia Kasulu, baadaye wakapata uraia, wakapata nyumba ya matofali na shamba la mihogo. Mtaani mkewe anajulikana kama Mama Jeanne. Ndani, mlango ukishafungwa, Evaristi anamwita Mama Aline.

Sasa umeuelewa ule ubishi wake. Kibondo mtu akiona pori halina mwenyewe leo, kesho utakuta mahindi. Lakini madhali watu wanapiga mpira pale, hakuna atakayeshusha jembe. Kwa hiyo Evaristi alisifia. Alisifia vichuguu, alisifia upepo, alisifia mawe, hata pangekuwa na chatu angemsifia. Na kila mwezi wa saba alipanda basi na mkewe mpaka huko, akapiga mpira wake mmoja wa kuzuga hadi shimo la sita, kisha akaupogoa mnyaa huku Jeanne akimpa mtoto habari za mwaka mzima: mihogo ilivyotoka, nani kaolewa, nani kafa.

Kitu kimoja tu hakukisifia, nacho ni ule mnyaa. Kwao kitu unachokipenda sana hukisifii mbele za watu. Unakitukana kidogo, unakidharau, ili mauti yakipita yasikitamani. Ndiyo maana utakuta mtu mzima huko kwao ana jina baya ambalo hata mbwa angelikataa; ni mama yake aliyempenda kupita kiasi. Evaristi aliutukana mnyaa wake miaka ishirini na zaidi, tena kwa moyo wote.

Badru ni mtu wa pwani. Yeye akisikia kitu ni kibaya, anajua ni kibaya.

Mwaka jana mzee aliteleza kwenye matope akavunjika nyonga. Mwezi wa saba ukampitia kitandani. Badru alikuja kumwona, akamkuta analia, mtu mzima, machozi yanachirizika mpaka masikioni, akadhani ni maumivu. "Mwaka huu sikufika Kibondo," mzee akamwambia, "sikufika, Badru." Na Badru, ambaye miaka yote alikuwa anamtania, roho ikamuuma kweli. Alitoka pale amekata shauri. Akawakusanya wachezaji wote, walimu na mainjinia, wakaenda Kibondo, wakafyeka, wakasawazisha, wakaleta lori la mchanga. Kwa mzee hawakusema neno, na akiuulizia mnyaa wakamjibu upo. "Pona haraka," Badru alikuwa anamwambia na kucheka peke yake. "Pona, nina zawadi yako."

Mwaka huu mwezi wa saba wakaenda kwa gari la Badru mwenyewe. Evaristi ana mkongojo, Jeanne kavaa kitenge chake kipya. Njiani alimnong'oneza mumewe, "Amekaa peke yake miaka miwili." Alikuwa na furaha. Alikuwa amefunga karanga kwenye kitambaa, maana Aline alipenda karanga.

Walipofika, watu waliwapigia makofi. Majani yamekatwa, soda zimepangwa mezani, vibendera vinapepea. Evaristi akawashukuru, akatembea, shimo la kwanza, la pili, la tatu, mkongojo unazama kwenye udongo mpya. Kwenye la tano akainua macho kuangalia juu ya mteremko, pale ambapo kila mwaka mnyaa ulimtokea kabla ya kitu kingine chochote. Akaona anga tupu. Akasema moyoni ni macho, nimezeeka. Akaongeza mwendo, Jeanne yuko mbele yake sasa, karibu anakimbia.

Shimo la sita lilikuwa zuri kuliko yote. Mduara mpana wa mchanga mweusi kwa oili, umeshindiliwa sawasawa, na kibao kipya kimepigwa rangi: SHIMO LA MZEE EVARISTI.

"Mnyaa uko wapi?" Evaristi akauliza.

Badru akatabasamu mpaka gego la mwisho. "Tumeung'oa, mzee wangu! Umeusema miaka yote. Tumeung'oa na mizizi yake yote."

"Mlichimba kina gani?"

"Mpaka kiunoni. Fundi alisema mzizi ukibaki utachipua."

"Mkakuta nini?"

"Mawe tu. Na blanketi bovu la kijivu limegandamana na udongo, mambo ya kambi ya zamani hayo. Tukavipakia humo humo na udongo, lori likaenda kumwaga huko."

"Huko wapi?"

Tabasamu la Badru likaanza kufifia. "Sijui, mzee. Barabarani, kwenye makorongo. Kwani kulikuwa na nini?"

Jeanne alivua kitenge cha juu, akakitandika katikati ya ule mchanga wenye oili, akakaa, akanyoosha miguu kama wanavyokaa wanawake msibani. Kifundo cha karanga kilikuwa bado mkononi.

"Mama Jeanne, utachafuka, mama, hiyo ni oili," Badru akamwambia kwa upole.

"Anaitwa Mama Aline," Evaristi akasema. Ilikuwa mara ya kwanza kulitaja jina hilo mbele za watu. "Mwanetu alikuwa ndani ya lile blanketi."

Jeanne ndipo akalia. "Yoo, mwana wanje," alimlilia mwanawe kwa lugha ya kwao, "yoo, mwana wanje," na watu wote na soda zao mikononi hawakujua pa kutazama. Badru alipiga magoti, akaanza kuuparua mchanga kwa kucha, mtu na kanzu yake nyeupe, mpaka wenzake wakamshika mikono.

"Kwa nini hukuniambia?" alikuwa anasema huku analia. "Miaka yote, mzee! Ulikuwa unautukana!"

"Ndivyo tunavyolinda," Evaristi akamjibu.

Badru alimtafuta dereva wa lori siku tatu. Alimpata. Dereva akamwonyesha barabara ndefu ya changarawe, akasema udongo wa lori lile ulimwagwa mahali fulani pale, kati ya daraja na mlima, na magari yameshapita juu yake msimu mzima wa mvua. Wakaitembea yote kwa miguu. Hawakuona hata uzi.

Evaristi amerudi kwenye spana zake. Juzi amekuja injinia mgeni, kijana mwenye adabu, fimbo zake bado ziko ndani ya gari. "Shikamoo mzee. Nimeambiwa wewe ndiye mwamuzi. Nikacheze Kasulu au Kibondo?"

"Marahaba. Cheza hapa hapa Kasulu," mzee akasema bila kuinua uso. "Tambarare, majani laini. Ukimaliza unakunywa chai."

"Mbona wenzangu waliniambia utanisifia Kibondo mpaka mate yakukauke?"

Evaristi aliuzamisha mpira wa baiskeli kwenye karai la maji, akautazama kutafuta panapovuja.

"Ilikuwa zamani," akasema. "Nilikuwa na mtu kule."