Siri Yako ni Dhaifu

Wadau, mimi nimeshuhudia nyani akisafishwa jina na kompyuta. Hapahapa Mikumi. Kaeni niwape.

Naitwa Gerald, fundi wa mifumo, mtoto wa Kimamba. Kuna loji moja walikuwa na mifumo mitatu: wa wageni, wa stoo na wa mishahara. Kila mmoja na paswedi yake. Watu wanazisahau, wengine wanazibandika ukutani, yaani vurugu tupu.

Nikamwambia mwenye loji, Mama Verdiana, "Mama, nakuunganishia yote. Mtu anaingia mara moja tu, mitatu yote inafunguka."

"Fanya haraka," akasema. "Nikiingia tu, cha kwanza namfuta Bonifas kwenye mishahara."

Bonifas alikuwa mlinzi, kazi yake kufukuza nyani. Sasa kila wiki mbuzi choma wa wageni anapungua jikoni. Lawama kwa nyani, na nyani wakila, kosa la Bonifas. Jamaa mpole, ana mke na mapacha wachanga kule Zombo.

"Kaka Gerald," akaniomba, "huo mfumo wako hauwezi kuchelewachelewa kidogo?"

Iliniuma, lakini ningefanyaje?

Nikaanza kuwasajili watu mmoja mmoja. Wa kwanza Mzee Makarius wa stoo, mwenyeji wa Ulaya. Ulaya yetu ya Kilosa, siyo ile ya kupanda ndege.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba."

"Hapo penye neno la siri, andika la kwako."

Akavua miwani. "Siri yangu au ya mtu?"

"Yako. Na usimwambie yeyote, hata mimi."

Ningemuuliza kwa nini anauliza vile, lakini nilikuwa bize na nyaya.

Akaandika. Kompyuta ikaleta maneno mekundu: *Neno la siri ni dhaifu.*

"Dhaifu?" Mzee akawaka. "Hii? Hii ingevunja ukoo mzima!"

Akafuta, akaandika nyingine ndefu huku anacheka peke yake.

Zamu ya Mama Verdiana ilipofika, alinitoa nje kabisa. Nikamsikia humo ndani, "Dhaifu? Haya, ngoja nikupe yenyewe."

Mimi nikajua wanatania tu.

Huyu mama, daktari alishamkataza nyama. Kila mchana anakula mchicha mbele yetu na kutuhubiria: "Nyama ni sumu, wanangu."

Siku ya uzinduzi nikaunganisha kompyuta na TV ya ukumbini. Wafanyakazi wote wapo. Bonifas kasimama mlangoni, begi mkononi, macho mekundu. Nilishindwa kumtazama.

Mama akakaa. Anaandika kwa kidole kimoja, macho kwenye vitufe. Na mimi kwa uzembe wangu nilisahau kubofya pale pa neno la siri. Alikuwa anaandika pale pa jina, ambapo herufi zinaonekana zote.

Shamimu wa mapokezi hajui kuona maandishi akanyamaza. Akaanza kuyasoma kwenye TV.

"Mbuzi... wa wageni..."

Mama anabofya tu.

"...namla mimi..."

Nikatamani ardhi inimeze.

"...nyani anasingiziwa."

Ukumbi mzima ukamgeukia Mama.

Bonifas akaweka begi chini. "Mama, kumbe tulikuwa tunaonewa wawili. Mimi na nyani."

Mama akainua macho. "Gerald! Zima!"

Nikachomoa waya. Ikazima feni.

Mama akajifuta jasho na ncha ya kitenge. Mwisho akacheka mwenyewe, na sisi tukapata ruhusa ya kucheka. "Bonifas, rudisha begi ndani. Na wewe Gerald, acha kucheka, nionyeshe pa kumwongezea mshahara."

Nikabofya panapotakiwa, akaandika upya, mifumo mitatu ikafunguka kwa mkupuo. Hakuna aliyepiga makofi kwa ajili ya hilo. Walikuwa wanambeba Bonifas juujuu.

Kesho yake nikawabadilishia wote maneno ya siri. Mzee Makarius akauliza, "Ile ya zamani inafutika kabisa?"

"Kabisa, mzee."

"Afadhali. Ilikuwa inakuhusu wewe."

Akaenda zake stoo.

Funzo langu ni hili: neno la siri siyo siri yako. Kompyuta ikikwambia ni dhaifu, ongeza namba, usiongeze umbea. Na ukikutana na Mzee Makarius mnadani Ulaya, mpe shikamoo yake, halafu muulize taratibu: Gerald kafanyiwa nini?