Popo wa Matta na Mapichi ya Usiku

Pale Matta, katika bonde la Swat, watu walikuwa wakisema jua huchomoza mara mbili: mara ya kwanza kwa ajili ya walimwengu wote, na mara ya pili, saa sita mchana, kwa ajili ya Bakht Rawan. Mama yake alimmwagia maji, dada zake walimvuta miguu, na yeye akageuka ubavu wa pili. Mvivu hakuwa. Usiku, nyumba nzima ikikoroma, alikaa macho makavu akitengeneza redio za majirani. Ila alfajiri ikikaribia, usingizi ulimwangukia kama gunia la mchele.

Balaa ni kwamba baba yake, Shah Daran, alikuwa mwoka mikate, na mwoka mikate huamka kabla ya jogoo. Bakht Rawan alipotimiza miaka ishirini, baba akamweka kwenye tanuri. Siku ya nane alisinzia akiwa ameshika kulabu ya kutolea mikate. Wateja walikuwa wamejipanga nje na vitambaa vyao vya kufungia mikate mkononi, wanasikia harufu ya kuungua, na hakuna anayewajibu.

"Toka!" baba alifoka. "Hata paka wangu ana faida kuliko wewe. Yeye akilala, angalau haunguzi unga wa watu!"

Aliyemwokoa ni mjomba wake, Sardaraz, dereva wa lori la matunda, aliyekuja kununua mkate akakuta moshi.

"Shemeji, nipe mimi huyo popo."

"Utamfanyia nini? Hata kuamshwa haamshiki."

"Kazi yangu haitaki mtu wa kuamka," alisema Sardaraz. "Inataka mtu wa kutolala."

Na kweli, mapichi hayasafirishwi mchana. Yakichumwa Matta asubuhi, hupangwa kwenye masanduku, lori likaondoka jua likizama, ili joto la nchi tambarare lisiyaozeshe kabla ya kufika mnada wa alfajiri Lahore. Usiku wa kwanza, wakiteremka kona za Malakand, Sardaraz alimtazama mpwa wake kwa jicho la pembeni akingoja asinzie. Walipita Mardan, wakavuka mto Indus, na Bakht Rawan bado alikuwa anasimulia visa, macho yanang'aa. Hapo mjomba aliegesha lori apumzike kidogo, akamwachia mpwa ulinzi wa mzigo, akajifunika shuka.

"Mwanangu," alisema kabla ya kulala, "kila ndege huruka kwa ubawa wake. Wako ulikuwa haujapewa giza tu."

Alipopata leseni, usukani ukawa wake. Kwa miaka kama arobaini usiku ulikuwa nyumba yake. Alizijua harufu za barabara kuliko vibao vyake: moshi wa kebabu Takht Bhai, matope ya mashamba ya miwa, kisha vumbi la moto la Punjab. Kabla ya daraja la Indus palikuwa na hoteli ya Momin, yenye vitanda vya kamba nje na birika la chai ya kijani lisilotoka motoni. Madereva walilala chali pale nusu saa, wakitaniana.

"Popo kaja! Fungeni watoto!" Momin alikuwa akipiga kelele.

"Fungeni chai yenu, ndiyo inayouma watu," Bakht Rawan alimjibu, na vitanda vyote vikacheka.

Akishashusha masanduku mnadani aliswali alfajiri, akapanda kwenye kitanda cha juu ya viti, akalala mpaka saa kumi jioni, wala hapana aliyemmwagia maji. Imamu wa Matta, aliyekuwa akimsema mimbarini kwa kukosa swala ya alfajiri, bila kumtaja jina, ilibidi anyamaze. Siku alizorudi nyumbani, Bakht Rawan alikuwa wa kwanza safu ya mbele, maana alipitia msikitini ndipo akalale.

Alipopeleka posa kwa Tajmina, baba wa binti alisita. "Mwanamume anayelala adhuhuri, jamani?"

Tajmina alijibu kutoka nyuma ya pazia, "Baba, wewe unalala saa mbili za usiku na hakuna aliyekuuliza."

Wakaoana. Majira ya baridi, mapichi yakiwa yamekwisha na lori limeegeshwa, usiku wa Bakht Rawan ulikuwa mrefu kama barabara isiyo na mji. Tajmina akajizoeza kukaa naye. Walikaa kando ya jiko la kuni, theluji ikidondoka nje, wakivunja jozi, zile njugu za maganda magumu, na kula mkate wa mahindi kwa mtindi saa sita usiku. Asubuhi Tajmina alitundika shela jekundu mlangoni, na wachuuzi wakalielewa: usipige kelele hapa, Popo amelala.

Mara moja tu alijaribu kuwa mtu wa mchana. Tajiri mwenye lori alifariki, na mwanawe, Inamullah, akanunua lori lenye sanduku la barafu.

"Ustadhi, sasa ni mwendo wa mchana," alisema, akimwita kama wanavyoitwa madereva mabingwa. "Matunda hayaogopi joto tena."

"Matunda hayaogopi. Mimi je?"

"Utazoea."

Hakuzoea. Siku ya nne, saa nne asubuhi, barabara nyeupe kwa jua, kope zilishuka mara moja tu. Alipozifungua, miwa ilikuwa ikigonga kioo na lori limesimama katikati ya shamba. Hapana aliyeumia. Mwenye shamba alitoka mbio na fimbo, akamkuta dereva amekaa chini, machozi yakimtoka. Ile fimbo akaiweka chini, akamletea maji.

Jioni ile alimpelekea Inamullah ufunguo. "Miwa nitailipa mimi. Lakini ungekuwa ukingo wa mto, mke wangu angekuwa mjane. Nipe usiku, au nipe ruhusa niende."

Inamullah alilitazama bampa lililobonyea, kisha akamtazama mzee. "Chukua usiku, Ustadhi. Marehemu baba aliniambia nisikuguse, nikajifanya najua zaidi."

Kilichomwondoa barabarani ni macho. Alipofika miaka sitini na mbili, taa za magari ya mbele zilimtawanyikia kama maua ya moto. Aliachia usukani mwenyewe, bila kusukumwa. Sardaraz alikuwa ameshazikwa. Barabara mpya ilijengwa ikapita mbali, na hoteli ya Momin ikabaki kuta. Tajmina naye, magoti yakimsumbua, alianza kulala mapema. Bakht Rawan alikaa ukumbini peke yake, akisikiliza malori yakibadili gia kwenye mteremko, akayataja moja moja: lile la vitunguu, lile la mbao.

Usiku mmoja wa mwezi wa saba lori lilisimama mlangoni. Alikuwa Inamullah mwenyewe, ndevu zimeanza mvi, yuko kwenye usukani kwa kuwa dereva wake anaumwa.

"Ustadhi, nakufa kwa usingizi na Lahore ni mbali. Panda unisemeshe."

Tajmina alishamsikia. Alitoka akichechemea na chupa ya chai na shuka. "Nenda, bwana wee. Unanichosha na kuhesabu malori."

Akapanda. Njia nzima alimsimulia ya Momin, ya tanuri la baba yake, ya imamu, na Inamullah akacheka mpaka akasahau kupiga miayo. Walifika mnadani mapichi yakiwa mazima, na wapagazi wazee wakamshika mikono yote miwili.

Tangu hapo, kila msimu, madereva wa Matta humgombea. Hapewi usukani wala haudai. Hukaa kiti cha pili, shuka magotini, akiwaonyesha gizani mahali palipokuwa na hoteli na nani alilala kitanda kipi. Akirudi, huswali alfajiri, halafu hulala, na shela jekundu liko mlangoni.